Mwanza ni Nyamagana peke yake? Na hawa watu milioni 1.1 wametoka wapi? (Uzi maalumu wa Rock City)

Mwana_Igogo:

Wakuu habari za jioni.

Kila ikija mada ya miji mikubwa humu lazima atokee mtu na sensa ya 2022 mkononi, anakwambia Dodoma ilishaipita Mwanza zamani, Jiji la Dodoma watu 765,179, Jiji la Mwanza watu 594,834, hata Arusha wako mbele na 617,631 yao, mjadala umefungwa twendeni tukalale. Namba ni za kweli, ziko kwenye ripoti, wala sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko kwenye hicho kinachoitwa Jiji la Mwanza ndani ya hiyo ripoti.

Halmashauri ya Jiji ni wilaya ya Nyamagana tu. Toka 2012 Ilemela ina manispaa yake. Sasa kwa asiyejua huku, ukisema Ilemela sio Mwanza maana yake uwanja wa ndege wa Mwanza hauko Mwanza, CCM Kirumba haiko Mwanza, mwalo wa Kirumba ambapo dagaa wa ziwa zima wanapakiwa hauko Mwanza, Kitangiri, Pasiansi, Nyamanoro, Nyakato, Buswelu, Kiseke zote haziko Mwanza. Mtu anapanda daladala Buhongwa anashuka Kirumba nauli analipa mara moja, hakuna mahali konda amesema jamani tumevuka mpaka.

Weka Ilemela na watu wake 509,687, jumlisha na Nyamagana, unapata 1,104,521. Huo ndio mji. Ni wa pili Tanzania baada ya Dar na anayemfuata yuko mbali.

Alafu kuna hili la pili ndio hasa limenifanya niandike. Sensa ya 2012 hizo wilaya mbili zilikuwa na watu 706,453, na ya 2002 zilikuwa na 476,646. Kwaiyo ndani ya miaka kumi ya mwisho tumeongezeka karibu laki nne, ni zaidi ya asilimia 56, wakati nchi nzima imeongezeka kama asilimia 37. Hao laki nne hawakuzaliwa wote hospitali za Sekou Toure na Bugando. Wamekuja. Nimekaa na ripoti mbili nikapiga hesabu wilaya kwa wilaya za mkoa wetu, angalieni wenyewe:

Ukerewe 2012 watu 345,147, 2022 watu 387,815, ongezeko asilimia 12.
Kwimba 406,509 ikawa 480,025, asilimia 18.
Misungwi 351,607 ikawa 467,867, asilimia 33.
Magu 299,759 ikawa 421,119, asilimia 40.
Nyamagana 363,452 ikawa 594,834, karibu asilimia 64.

Sengerema sijaiweka kwenye mstari maana ile ya 2012 ilikuwa bado na Buchosa ndani, ukizijumlisha zote mbili kwa 2022 unapata 838,525 kutoka 663,034, hiyo ni asilimia 26.

Ukerewe na Kwimba sio kwamba wameacha kuzaa. Watu wao wako huku kwetu. Na Magu na Misungwi kupanda vile mnajua sababu, ni Kisesa na Usagara, yaani ni mji wetu umemwagika kule ila unahesabiwa kwa jina la wengine.

Naomba kila mwenye asili yake aseme ametokea wapi, ukoo wake uliingia lini Mwanza na ulifikia mtaa gani. Nataka tuandike mji huu watu wake ni akina nani. Nawasilisha.

---

Makole_255:

Mkuu naheshimu mapenzi yako kwa mji wako ila sheria ni sheria. Jiji ni halmashauri. Bajeti inakuja kwa halmashauri, mkurugenzi ni wa halmashauri, meya wa Nyamagana hana amri Ilemela. Huwezi kuunganisha halmashauri mbili kwa sababu tu daladala inapita. Kwa mtindo huo Dar hakuna mji maana Kinondoni, Ubungo na Temeke kila mmoja na manispaa yake.

Dodoma makao makuu ya nchi, watu wanaingia kila siku, 2012 tulikuwa laki nne na elfu kumi na kidogo leo tuko laki saba na nusu. Kubalini.

---

Mwana_Igogo:

@Makole_255 umejijibu mwenyewe kaka. Dar ina manispaa kibao na hakuna anayesema Dar ni Ilala peke yake. Ndio hicho hicho naomba kwa Mwanza.

Na kuhusu Dodoma, hongereni kwa kukua, kasi yenu ni kubwa na siibishii. Ila angalia eneo. Jiji la Dodoma lina zaidi ya kilomita za mraba 2,500, ndani yake kuna vijiji kabisa, watu wanalima mtama na zabibu na wanahesabiwa wakazi wa jiji. Nyamagana yote ni kilomita 256 na hapo 71 ni maji ya ziwa, nchi kavu inabaki kama 185. Gawanya watu wetu kwa hiyo nchi kavu unapata zaidi ya watu 3,200 kila kilomita moja, kwenu haizidi 310. Kwaiyo ukitulinganisha sisi kwa mpaka wetu mwembamba na nyie kwa mpaka wenu mpana hujalinganisha miji, umelinganisha mipaka.

---

Themi_River:

Mimi wa Arusha, naunga mkono hoja ila nawe uwe wa haki mleta uzi. Na sisi tunamwagika vilevile. Ngaramtoni iko Arusha DC, Usa River iko Meru, watu wanalala kule asubuhi wako mjini. Ukihesabu Mwanza kwa watu wake wote utuhesabu na sisi kwa watu wetu wote. Sisemi tutawafikia, nasema tu kipimo kiwe kimoja.

---

Mwana_Igogo:

@Themi_River hapo uko sahihi asilimia mia, kipimo kiwe kimoja kwa wote.

---

BintiNansio:

Asante mleta uzi, hiyo asilimia 12 ya Ukerewe imenigusa sana maana mimi ni mmoja wa hao waliopungua.

Baba yangu Mkerewe, mama yangu Mkara. Babu upande wa mama alikuwa na shamba Ukara, na kwa wasiokijua kile kisiwa nawaambia ni watu wanaojua kulima kuliko mnavyofikiri, ng'ombe wanafugwa ndani ili samadi isipotee, shamba linawekwa mbolea kila mwaka, linapandwa kwa zamu na mazao ya kurutubisha udongo, na hakuna kipande kinachoachwa kilale. Tangu enzi za mkoloni watafiti walikuwa wanakuja kushangaa watu wengi vile wanaishije kwenye kisiwa kidogo vile. Lakini shamba likigawiwa watoto sita alafu hao sita nao wakagawie wa kwao linafika mahali ni kiwanja cha nyumba tu. Ndio tukaanza kuvuka.

Wakara na Wakerewe wakivuka hawaendi mbali na maji. Waliotangulia walifikia Igogo, Kirumba, Kitangiri, sehemu ambazo ukishuka mlimani uko ziwani. Sisi tulifikia Igogo kwa mjomba, nyumba iko juu kabisa kwenye mawe, mjomba alikuwa fundi wa mitumbwi. Wageni wakitoka Nansio na meli walikuwa wanafikia pale pale, mpaka wapate kazi, kisha wanapanga chumba cha jirani, ndio maana kona ile nusu ya watu ni ndugu.

Na ile 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara, watu zaidi ya 220 wakapotea, huku Mwanza kuna mitaa ililia nyumba hadi nyumba. Hapo ndipo utajua wakazi wa mji huu ni wa wapi. Sensa haiulizi kabila lakini msiba unaonyesha.

---

Kaitaba_Boy:

@BintiNansio pole sana dada. Sisi wa Bukoba tunaelewa hilo vizuri, 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebaki kidogo tu ifike Mwanza. Makaburi yako Igoma, kila mwaka watu wanakwenda.

Wahaya Mwanza tuliletwa na meli na shule. Miaka hiyo hakuna njia ya maana ya gari, ukitaka kwenda Tabora au Dar unapanda meli jioni Bukoba asubuhi uko Mwanza unachukua treni. Wengi walikuwa wanapita tu, wakabaki. Walimu, manesi, makarani wa serikali, na baadaye biashara ya ndizi pale Mwanza South bandarini, mkungu unashuka usiku asubuhi uko sokoni. Kwetu baba alifika kama mwalimu akapangiwa Bwiru, hatukurudi tena zaidi ya Krismasi na misiba.

---

Mzee_wa_Pamba:

Vijana nimewasoma, mmeanza vizuri lakini mmeanzia katikati.

Mji huu Wajerumani waliuweka kama kituo chao mwaka 1892. Ulikuwa mdogo. Kilichoufanya mji ni reli, iliingia kutoka Tabora mwaka 1928. Pamba ya Usukuma yote ikapata mlango wa kutokea. Na reli ilikuja na watu wake, Wanyamwezi, watu wa Kigoma, mafundi na makarani wa Kihindi.

Kisha ushirika. Marehemu Paul Bomani na wenzake miaka ya 50 waliwaunganisha wakulima maana walikuwa wanapunjwa kwenye mizani, ikazaliwa Victoria Federation, ilikuwa na vinu vyake vya kuchambulia pamba na watu wake walikuwa wanatoka vijijini kuja kufanya kazi mjini hapa. Baada ya uhuru kikaja kiwanda cha nguo cha MWATEX, kikaja cha ngozi, watu wakahamia Nyakato na Igoma kufuata viwanda. Mimi mwenyewe nimetoka Kwimba nikiwa kijana kwa ajili ya kiwanda. Wenzangu tulioajiriwa pamoja walikuwa Wasukuma wa Magu na Kwimba, Wajita, Wakurya, Wazinza, Waha, na hatukuwa na lugha ya kuelewana isipokuwa Kiswahili, Wasukuma wengi tuliokuwa tunatoka porini tulijifunzia Kiswahili kiwandani.

Viwanda vilipodorora samaki wakachukua nafasi. Sangara walijaa ziwani miaka ya 80, miaka ya 90 mwanzoni viwanda vya minofu vikafunguliwa pembezoni mwa ziwa, Igogo, Ilemela. Hapo wakaja vijana kutoka kila pembe ya ziwa. Kwaiyo mtu akikuambia mji wa Mwanza ni wa Wasukuma mwambie ardhi ni ya Usukuma ndio, na sisi ni wengi, lakini mji umejengwa na ziwa zima.

---

Jirani_wa_Makongoro:

Nyongeza kwa Mzee wa Pamba, shikamoo mzee.

Katikati ya mji jamii za Wahindi bado zipo na zina historia ndefu. Wahindu, Waismailia, Mabohora, Ithnaasheri, Masingasinga, kila moja na nyumba yake ya ibada na makaburi yake. Walikuwa wengi kuliko sasa. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha familia nyingi ziliondoka, wengine Uingereza, wengine Kanada. Waliobaki watoto wao wanaongea Kiswahili cha Mwanza na Kisukuma cha dukani bila shida. Nimekulia nyuma ya duka la mmoja wao, mama mwenye duka alikuwa anawaamkia wateja wa kutoka vijijini mwangaluka kabla hawajafungua mdomo, na wakilipa anawaambia wabeja.

Na Waarabu msiwasahau, na makanisa pia. AIC makao yake makuu ya nchi yako hapa Mwanza. Wakatoliki wana jimbo kuu, Bugando waliijenga wao, ikafunguliwa 1971. Bugando peke yake inaleta watu wa kanda nzima, Kagera, Mara, Geita, Shinyanga, Simiyu, mgonjwa anakuja na ndugu wawili, ndugu mmoja anapata kibarua harudi tena.

---

Dagaa_Mwaloni:

Wengi mnaongea wakazi mi naongea wanaoingia na kutoka maana nao ni watu wa mji huu.

Mwaloni Kirumba ukifika saa kumi na moja alfajiri utasikia Kiswahili cha kila aina. Kuna Wakongo wanakuja kuchukua dagaa na samaki wa chumvi, Warundi, Wanyarwanda, Waganda. Wengine wanakaa wiki mbili tatu kwenye gesti za Kirumba mpaka gari lijae, wengine wana vyumba vya kupanga mwaka mzima. Ukimsikia mtu anasema "banakuja" ujue huyo ni wa Bukavu au Goma. Kuna mama mmoja Mkongo mzigo wake nimebeba miaka mingi, watoto wake wawili wamesomea hapa hapa. Huyo kwenye sensa akilala Kirumba usiku wa 23 Agosti anahesabiwa, akiwa amevuka na mzigo hahesabiwi, lakini Kirumba ni kwao.

Wanaoanika dagaa na kuchambua wengi ni akina mama, Wajita, Wakerewe, Waluo wa Rorya, Wasukuma. Wavuvi wao wanahama kwa mwezi na kwa upepo, leo kisiwani kesho Igombe. Kuwahesabu hao kazi kweli.

---

Makole_255:

Swali la nia njema tu. Kama sensa haiulizi kabila nyie mnajuaje Wasukuma ni wangapi na Wajita wangapi?

---

Mzee_wa_Pamba:

@Makole_255 hatujui na hakuna anayejua kwa namba. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, baada ya hapo nchi iliamua kuacha, dini nayo hivyo hivyo. Mimi naona uamuzi ulikuwa mzuri. Sisi hapa tunasema kwa kuishi pamoja, mtaa kwa mtaa, hatudai asilimia.

---

Mlima_Mabatini:

Naomba niseme la milimani kwa sababu watu wakipiga picha Mwanza wanapiga zile nyumba juu ya mawe wanaandika pazuri, hawajui waliomo.

Mabatini, Igogo, Isamilo ya juu, Bugarika, Pasiansi. Bondeni palikuwa pamepimwa na wenye nacho, mtu aliyetoka kijijini na elfu zake chache akauziwa mawe. Unavunja jiwe kwa moto na maji unapata kinafasi, unajenga chumba, mwaka ujao unavunja lingine. Hakuna barabara, kuna ngazi za mawe tu. Mgonjwa anashushwa mgongoni. Jeneza linashushwa na vijana wanane na wanabadilishana njiani. Maji kwa miaka mingi tumepandisha kichwani, ndoo moja bei ya juu ya mlima na bei ya chini ya mlima hazifanani.

Kitu kimoja kimebadilisha maisha nacho lazima nikiseme, ni yale mabomba membamba ya majitaka yanayoshuka katikati ya nyumba mpaka kwenye bomba kubwa la chini. Igogo na Mabatini yamefika. Kabla yake mvua kubwa ikinyesha vyoo vya juu vilikuwa vinatapikia nyumba za chini na kipindupindu kinaanzia hapo. Sasa watu wanaona milima yetu ni makosa ya mipango miji, wapo waliowahi kutuambia tuhame, lakini sisi ndio tunaoamka saa kumi kwenda viwandani, sokoni, kwenye ujenzi na kwenye nyumba zenu kufua, na kazi zote ziko umbali wa kutembea kwa miguu. Ukitupeleka Kishiri nauli inakula mshahara wote.

Na jamii yetu huku juu ni imara kuliko wanavyodhani. Ukifiwa saa nane usiku mtaa mzima uko mlangoni kwako saa nane na robo, Mkurya, Msukuma, Mhaya, Mkara, hakuna anayeuliza. Daftari la msiba liko kwa mjumbe, kila nyumba ina jina.

---

BintiNansio:

@Mlima_Mabatini umeniliza. Hilo la jeneza tumelishuhudia kwa mjomba.

---

Fundi_Kisesa:

Sasa sisi tuliomwagika.

Mimi nilizaliwa Mbugani, nimejenga Kisesa. Kwanini? Kiwanja. Mjini ardhi imeisha, Buswelu na Kiseke bei zilipanda, Kisesa ukafika ukapata kiwanja cha maana kwa hela ya fundi. Walivyofungua ile barabara ya mchepuo ya kutoka Usagara hadi Kisesa ndio kabisa, malori hayalazimiki tena kuingia mjini na watu wakajenga pembeni yote.

Kiutawala mimi ni mtu wa Magu. Barua ya halmashauri naifuata Magu mjini, wakati kazini kwangu ni Igoma dakika chache tu. Mtoto anasoma Nyakato. Maji ninayokunywa ni ya MWAUWASA hao hao wa mjini. Mamlaka ya maji ilishaelewa mji unaishia wapi, bado hizi halmashauri.

Na Kisesa sio kwamba pamezuka jana. Bujora iko hapa, makumbusho ya Wasukuma aliyoanzisha Padri Clement miaka ya 50, kila mwaka kwenye sherehe ya Bulabo vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana wiki nzima na watu wanakuja toka Shinyanga. Na watafiti wa NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, wamekuwa wakizunguka kata hii kaya kwa kaya toka 1994, wanajua nani kazaliwa nani kahama nani kafariki, sidhani kama kuna sehemu mkoa huu watu wake wamefuatiliwa namna hii. Wazee wa hapa walikuwa wakulima na wafugaji, wamejikuta majirani zao ni watu wa benki, madereva na mafundi wa mjini. Wengine waliuza mashamba mapema kwa bei ya huruma na leo wanaona magorofa kwenye mashamba yao, hilo linauma na linaleta maneno kati ya wenyeji na wageni. Lazima lisemwe.

---

Mwana_Igogo:

@Fundi_Kisesa hili la mwisho ni zito, hao waliouza wamekwenda wapi?

---

Fundi_Kisesa:

Baadhi walinunua mbali zaidi, Kwimba ndani huko, Simiyu, wengine walienda na ng'ombe mpaka Katavi na Morogoro kama ndugu zao waliotangulia. Baadhi wapo wamepanga vyumba viwili hapa hapa kwenye ardhi ya babu zao. Vijana wao wanaendesha bodaboda.

---

Mwl_Ngudu:

Naongea kutoka upande mwingine, Kwimba, ile asilimia 18 ya mleta uzi. Nafundisha sekondari huku. Kila mwaka wakimaliza kidato cha nne, ndani ya miezi miwili nusu ya darasa wako Mwanza. Wavulana wanaanza kwa saidia fundi na bodaboda, mabinti kwa mama ntilie na kazi za ndani, wanaofaulu wanaenda chuo kikuu cha SAUT au Butimba ualimu. Ukipita vijijini msimu wa kilimo kaya nyingi ni bibi, babu na wajukuu. Pamba inalimwa na wazee. Hela inarudi kwa simu mwisho wa mwezi, mbolea inanunuliwa nayo, ada pia, kwaiyo siwalaumu vijana hata kidogo.

Ila ninachoomba wapangaji wa mkoa wakiona hizo asilimia za Nyamagana wasijenge shule na vituo vya afya mjini peke yake wakasema ndiko watu waliko. Hawa watu ni wale wale. Wanazaliwa kwetu, wanafanya kazi kwenu, wakiugua sana au wakizeeka wanarudi kwetu.

---

Mama_Buhongwa:

Na daraja mmelisahau jamani. Toka Juni 2025 lile la Kigongo Busisi lifunguliwe, kilomita tatu juu ya maji, mtu wa Sengerema haombi tena kivuko. Zamani ukikuta foleni ya kivuko siku imekwisha. Huku Buhongwa na Usagara tunaona tofauti, wateja wangu wa mihogo na nanasi wanakuja na kurudi siku hiyo hiyo. Swali langu kwa mnaojua hesabu, je watu wa Sengerema na Geita sasa watahamia zaidi huku au watabaki kwao waje kufanya kazi na kurudi?

---

Mzee_wa_Pamba:

@Mama_Buhongwa yote mawili. Reli ya 1928 ilileta watu na ilipeleka watu. Wenye nyumba nzuri Sengerema watabaki kwao. Wasio na shamba watahamia Usagara, na Usagara ni Misungwi, kwaiyo sensa ijayo Misungwi ndio itakayowashtua watu.

---

Makole_255:

Wakuu nimesoma uzi wote toka mwanzo. Kwenye sheria sijabadilika, jiji ni halmashauri. Lakini kwa watu nakubali Mwanza ni Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, na hiyo hoja ya eneo la Dodoma ina mashiko. Mngeomba serikali iunde hata chombo kimoja cha kupanga usafiri na ardhi cha wilaya zote nne, Nyamagana, Ilemela, Magu na Misungwi, bila kugusa mipaka ya wabunge. Mkigusa majimbo mtagombana miaka ishirini.

---

Mwana_Igogo:

@Makole_255 shukrani sana kaka, hiyo ya chombo kimoja naichukua. Stendi tulishajenga mbili, Nyegezi ya kuelekea Shinyanga na Dar, Nyamhongolo ya kuelekea Musoma na Simiyu, moja Nyamagana moja Ilemela, sasa nani anapanga daladala za kuziunganisha, hapo ndio unaona tatizo.

Kazi inayofuata. Ripoti ya sensa ina namba mpaka ngazi ya kata. Ile 1,104,521 haina Kisesa, haina Bujora, haina Usagara. @Fundi_Kisesa wewe chukua kata zote za upande wa Magu zilizoshikana na mji, @Mama_Buhongwa kama una kijana wa kukusaidia chukua za Misungwi kuanzia Usagara hadi Kigongo, mimi nakagua upya za Nyamagana na Ilemela maana Lwanhima, Kayenze na Sangabuye bado ni mashamba kwa sehemu kubwa na hizo inabidi tuseme ukweli tuzitoe. Wekeni hapa hapa kwenye uzi tujumlishe.

---

Fundi_Kisesa:

Sawa mkuu. Naanza na Kisesa na Bujora, jumapili naweka.